Usimjibu Mara ya Pili: maneno kwa familia za Mwanza zinazoishi na ugonjwa wa OCD

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, mwangaluka. Asanteni kwa kuacha shughuli za asubuhi. Wapo hapa waliotoka mwaloni kabla mzani haujanyamaza, na wapo waliovuka kwa kivuko cha Kamanga, kwa hiyo hatutawachosha kwa utangulizi.

Leo hatuzungumzi na mgonjwa. Tunazungumza na wewe unayeishi naye: mama unayechota dumu la sita la siku kwa sababu kijana bado anaoga, mume unayeulizwa swali moja mara thelathini kabla ya kulala, mdogo mtu unayevuliwa viatu mlangoni na kupanguswa mikono ndipo uruhusiwe kugusa kochi. Ugonjwa huu humshika mtu mmoja ukatawala nyumba nzima. Na tunalotaka mlisikie ni gumu, kwa hiyo tulitangulize: ule msaada mnaompa kila siku kwa mapenzi, kumjibu, kumhakikishia, kumchotea, kumkagulia, ndio chakula cha ugonjwa. Mmekuwa mkiulisha bila kujua. Hakuna aliyewaambia, na si kosa lenu.

Hospitalini huandikwa OCD. Kwa Kiswahili tunauita ugonjwa wa mawazo yanayozonga na matendo ya kurudiarudia. Kwanza huja wazo, au picha, au msukumo ambao mtu hakuutaka, unaomtisha au kumchukiza, nao hauondoki: mikono ina uchafu, jiko limebaki wazi, nitamdhuru mtoto, nimemkufuru Mungu. Halafu huja tendo la kulizima lile wazo: kunawa, kukagua, kuhesabu, kuuliza, kuomba kwa maneno yaleyale hadi yatoke sawasawa. Madaktari hutumia kipimo hiki: mambo hayo yakimla mtu zaidi ya saa moja kwa siku, au yakimtesa na kumharibia kazi, masomo na ndoa, huo ni ugonjwa. Mtu anayependa nyumba iliyopigwa deki hana OCD. Anayependa usafi huridhika akimaliza. Mgonjwa haridhiki, na mara nyingi anajua kabisa kwamba anachofanya kimepita kiasi, ndiyo maana hukificha kwa miaka.

Kati ya watu 100, inakadiriwa 1 hadi 3 huupata katika maisha yao. Wilaya za Nyamagana na Ilemela kwa pamoja, sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni moja. Chukua hata mmoja tu kwa mia: hao ni zaidi ya watu 10,000, kutoka Igoma mpaka Kitangiri. Wengi huanza utotoni au kabla ya kutimiza miaka 25, yaani wakati ambao mtoto yuko shule na mwalimu anadhani ni mvivu kwa sababu anafuta na kuandika upya mstari mmoja mpaka kipindi kinakwisha.

Sasa, lile wazo lenyewe lisiwatishe. Mwaka 2014 watafiti walichapisha majibu ya wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13 za mabara 6. Karibu 94 kati ya kila 100 walisema kwamba ndani ya miezi mitatu iliyopita wamejiwa angalau na wazo moja baya lililojileta lenyewe. Watu wazima wa akili kabisa. Mama anapaa samaki, kisu kikali mkononi, mtoto anatambaa karibu, na ghafla linapita wazo: itakuwaje nikimchoma? Mama wa kwanza husema "astaghfirullah" au "ashindwe", akaendelea kupaa samaki wake, na baada ya dakika mbili amesahau. Mama wa pili huganda. Anajiuliza: mimi ni mtu gani hata niwaze hivi? Anaweka kisu juu ya kabati. Kesho anamwomba dada apae samaki. Keshokutwa hawezi kubaki peke yake na mwanawe. Wazo ni lilelile kwa wote wawili. Ugonjwa umeota kwenye lile la kuweka kisu juu ya kabati.

Tuwaambie kwa uwazi, hasa mliojifungua karibuni: mama anayetetemeka kwa kuogopa wazo la kumdhuru mtoto, anayelichukia na kulikimbia, hayo ni mawazo ya OCD, na kumnyang'anya mtoto ni kumwongezea ugonjwa. Mama anayesema kwa utulivu kwamba ameagizwa na sauti amtoe mtoto kafara, au kwamba mtoto si binadamu, asiyelala siku kadhaa na maneno yake hayaeleweki, huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri asubuhi. Msichanganye hao wawili.

Tuingie kwenye mtambo wenyewe, maana usipouelewa hutaweza kuuzima. Wazo linakuja, hofu inapanda. Mtu ananawa, hofu inashuka. Hapo ubongo unaandika somo: "Tumepona kwa sababu tulinawa." Haujapata nafasi ya kujua kwamba hofu ingeshuka yenyewe, wala kwamba hapakuwa na hatari. Nafuu hiyo hudumu dakika chache, kisha wazo hurudi likiwa na nguvu zaidi, na kunawa kwa sekunde 20 hakutoshi tena. Inakuwa dakika 2, inakuwa 10, inakuwa mpaka mkono upasuke ngozi. Dozi ya nafuu inapanda kama ya kilevi.

Na kukagua kuna ubaya wake wa pekee. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, waliwaweka watu wasio wagonjwa mbele ya kompyuta yenye jiko la gesi la kuchora. Kundi moja lilikagua lile jiko mara 20, jingine likakagua taa. Baadaye waliokagua jiko walikumbuka vizuri tu ni mafiga gani waliyakagua mwishoni. Kumbukumbu haikuharibika. Kilichoharibika ni kuiamini: walisema picha imefifia, hawana uhakika. Sasa fikirieni mtu wa Mabatini anayerudi mara kumi kutazama mtungi wa gesi kabla ya kupanda daladala. Anadhani anatafuta uhakika. Kila akirudi anaupunguza. Na wale wanaopiga picha kufuli kwa simu ili waitazame njiani, wametafuta njia ya kukagua mara 40 bila kurudi nyumbani.

Siku ya nyumba yenye OCD mnaijua kuliko sisi, lakini hebu tuipitie kwa haraka ili kila mmoja ajue ugonjwa umejificha wapi kwake. Alfajiri ni bafu: mtu wa kawaida humaliza na ndoo moja ya lita 20, mgonjwa humaliza nne, na kwenye nyumba za mlimani ambako dumu hupandishwa kwa mgongo au kwa pesa, huo ni ugomvi wa kila siku. Akikatishwa katikati, anaanza upya toka kichwani. Kisha nguo: zilizogusa ukuta zinarudi kwenye beseni. Kutoka: pasi, swichi, gesi, komeo, kufuli. Njiani bodaboda anageuza pikipiki Buzuruga kuhakikisha lile shimo halikuwa mtu. Dukani noti zinapokelewa kwa mfuko wa plastiki. Kazini barua pepe moja inasomwa mara 15 kabla ya kutumwa. Jioni anaorodhesha kwa mume wake kila alichosema mchana, akiuliza kama kuna aliyemkosea. Kuna pia ambao hamtawaona wakifanya chochote: wamekaa kimya kwenye kochi, lakini kichwani wanahesabu, wanafuta neno baya kwa neno zuri, wanarudisha tukio la jana mwanzo hadi mwisho kama mkanda. Hao huambiwa wana mawazo mengi tu. Wanafanya kazi ngumu kuliko anayenawa.

Hapa ziwani tuna jambo letu la ziada, nalo lazima tulitendee haki. Kichocho kipo kweli. Kipindupindu hutupitia kweli. Mgonjwa akisema maji ya ziwa yana madhara, hasemi uongo, na ndipo familia inaposhindwa kubishana naye. Jibu ni kujua tahadhari inaishia wapi. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono, huingia kupitia ngozi iliyo ndani ya maji, na nje ya konokono haviishi zaidi ya siku mbili. Maji yaliyokaa kwenye pipa saa 48 bila konokono hayawezi kukuambukiza kichocho. Kichocho hakipiti kwa kushikana mikono na mvuvi wala kwa noti aliyoishika. Maji ya kunywa yakichemka na kutoa mapovu makubwa kwa dakika moja, yametosha; kuyachemsha saa nzima ni kuchoma mkaa. Mikono: sabuni, maji, sekunde 20, baada ya choo, kabla ya kula na kupika, baada ya kumsafisha mtoto, baada ya kupaa samaki. Hapo umemaliza. Tahadhari ina mwisho unaoweza kuutaja kwa namba. Ukimwuliza mgonjwa "utajuaje kwamba umetakata?" atakuambia "nitajisikia." Hicho ndicho kitambulisho.

Na jiki. Tunaona mikono iliyoungua kwa jiki. Dawa hiyo ni ya sakafu na nguo nyeupe. Kwenye ngozi inaondoa mafuta, ngozi inapasuka, na mpasuko ndio mlango wa vijidudu anavyoviogopa. Tena kuna wanaoichanganya na dawa kali ya kusugulia choo wakidhani itaongeza nguvu. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na kwenye bafu lisilo na dirisha unaweza kumwangusha mtu. Kama nyumbani kwenu inatumika kupita kiasi, jambo la kwanza kabla ya tiba yoyote ni kuitoa bafuni, kwa makubaliano.

Sasa kazi yenu. Tuanze na swali.

Mgonjwa anauliza: "Nimefunga mlango?" Ukijibu mara ya kwanza, kama kweli hajui, umejibu swali. Ukijibu mara ya pili, umemwosha mikono. Kumhakikishia ni tendo lilelile la kurudiarudia, ila safari hii limefanyika kwa mdomo wako. Na wagonjwa ni hodari wa kulivalisha nguo nyingine: "Wewe ungekuwa mimi ungehofia?" "Si unakumbuka tulitoka pamoja?" au anakutazama tu usoni aone kama umeshtuka. Kuna anayetuma ujumbe wa simu wenye neno moja, "sawa?", na mume akijibu "sawa" ndipo anaweza kuanza kazi.

Msiache kujibu ghafla, leo, mkitoka hapa. Huo ni ukatili, na hauponyi. Kaeni naye siku ambayo ametulia, si katikati ya kilio. Mwambieni mmejifunza nini. Kwa siku tatu hesabuni pamoja maswali, bila kubadilisha kitu, muandike. Tuseme ni 24 kwa siku. Mkubaliane wiki ya kwanza utajibu 15, ya pili 8, ya tatu 3, ya nne hakuna. Namba achague yeye. Na mkubaliane maneno utakayosema swali likizidi kiwango, myaandike kwenye karatasi, kila mtu wa nyumbani aseme yaleyale. Tunapendekeza haya: "Nimekusikia, na naona unaumia. Hilo ni swali la ugonjwa, tulikubaliana silijibu. Niko hapa nawe." Halafu kaa naye kweli. Menya viazi, chambua mchicha, zungumzeni mambo mengine. Usiseme "nina uhakika hakuna kitu," kwa sababu hilo ni jibu. Usiseme "acha ujinga," kwa sababu hilo linamfanya afanye matendo yake gizani. Akikasirika, na atakasirika, hasa siku za mwanzo, usijibu hasira kwa jibu la swali.

Mahali panapovunjika ni bibi. Tunasema kwa heshima. Mama na baba wamekubaliana, kijana anakwenda kwa bibi, bibi anaona mjukuu analia, anamwambia "umetakata mwanangu, nimekuona mimi mwenyewe." Kazi ya wiki mbili imerudi mwanzo. Na hairudi mwanzo tu: nafuu inayopatikana mara mojamoja hung'ang'aniwa kuliko inayopatikana kila mara, kama mvuvi anavyorudi kwenye mwamba ule uliompa sangara mmoja mwezi uliopita. Kwa hiyo bibi aitwe kwenye kikao cha kwanza, asomewe karatasi, naye apewe neno lake la kusema.

Hayo ya kumhudumia matendo yake yanapunguzwa vivyo hivyo: madumu ya ziada, kuvua viatu kwa sheria yake, kumfungulia milango asiguse kitasa, kusubiri nje ya choo. Orodhesheni yote. Familia nyingi huandika vitu vinne, wakitulia wakafikia ishirini. Anzeni na kile ambacho kuacha kwake kutaumiza kidogo kuliko vingine.

Upande wa mgonjwa kuna tiba ambayo tunaweza kuiita kukabili na kujizuia. Mizizi yake ni ya 1966, London, ambako mwanasaikolojia Victor Meyer aliwatibu wagonjwa wawili waliokuwa wameshindikana, kwa kuwakutanisha na kile walichokiogopa na kuwazuia kufanya matendo yao. Kwa sasa hatumlazimishi mtu. Anachagua mwenyewe kila hatua. Lakini kiini ni kilekile, na hakuna tiba ya mazungumzo yenye ushahidi mkubwa kuliko hii kwa ugonjwa huu. Kwa kawaida ni vikao 12 hadi 20, na mazoezi ya nyumbani kila siku katikati yake. Bila mazoezi ya nyumbani, vikao ni mazungumzo.

Inajengwa ngazi. Mgonjwa anaandika vitu anavyoviogopa na kuvipa alama kutoka 0 hadi 100, kadiri hofu ingepanda kama angevigusa bila kunawa. Chukueni mtu wa Kirumba anayeogopa uchafu wa watu. Kitasa cha mlango wa nyumbani, 30. Noti ya shilingi 1,000 iliyochakaa, 40. Bomba la kushikia kwenye daladala, 50. Meza ya muuza dagaa, 65. Sakafu ya nje ya choo cha stendi, 80. Kushika hiyo sakafu, kisha kugusa nguo na mto wake wa kulalia, 95. Anaanza na 30 au 40, si 10 ambayo haimfundishi kitu, wala 95 ambayo itamkimbiza asirudi tena.

Zoezi lenyewe: anashika kitasa kwa kiganja chote, si kwa ncha ya kidole. Anajigusa mikono, nguo, uso. Anakaa. Hanawi, hajipangusi, haombi ahakikishiwe. Anaandika alama ya hofu mwanzoni, kisha kila baada ya dakika 10. Tenga dakika 45 hadi 60. Mara nyingi hofu hupanda, hukaa, kisha hushuka yenyewe bila kusukumwa. Siku nyingine haishuki, na zoezi bado limefaulu, kwa sababu alichojifunza ni kwamba anaweza kukaa na hofu na kutokuwa na uhakika na bado akapika chakula cha jioni. Anarudia kitasa hichohicho kila siku mpaka kimchoshe. Ndipo anapanda kwenye noti. Mwenye tatizo la kufuli anafunga mara moja, anaivuta mara moja, anaondoka bila kutazama nyuma, na akifika Igogo na wazo likisema "hukufunga", jibu lake ni "huenda." Neno hilo dogo, huenda, ni gumu kulitamka kuliko kushika sakafu. Na yule mama wa kisu: anapaa samaki, mtoto akiwa chumba hichohicho, wazo likija analiacha likae kama redio ya jirani, bila kulijibu wala kuliombea liondoke.

Hatuombi mtu afanye kitu ambacho ni hatari kweli. Hakuna kikao kinachomwambia mtu aogelee kwenye matete yenye konokono au anywe maji mabichi. Kushika bomba la daladala na kula ndizi bila kunawa ni jambo ambalo maelfu hulifanya kila mchana stendi ya Nyegezi, na hiyo ndiyo mizani.

Yanayoharibika ni haya, nayo tunayaona tena na tena. Mtu anakaa na hofu, lakini moyoni anasema "nitanawa saa kumi." Amejizuia kwa jina tu. Dawa yake: akishindwa akanawa, asijilaumu, aguse tena kile kitu papo hapo, ili kunawa kule kusipate ushindi. Mwingine hanawi lakini anahesabu kichwani hadi saba; mwulizeni waziwazi baada ya zoezi, "ndani ulikuwa unafanya nini?" Mwingine anaondoka hofu ikiwa juu kabisa, dakika ya tano, na ubongo unaandika kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Mwingine anameza diazepamu, kidonge cha kutuliza hofu, au anapiga bia mbili kabla, na somo haliingii kwa sababu aliyefanya zoezi ni kidonge. Na kosa la familia: kumshtukiza. Kaka anampaka tope kwa utani ili "azoee." Hilo halikabili chochote, linavunja uaminifu ambao tiba yote imesimama juu yake.

Kuhusu dini tutasema polepole, maana nusu ya watu wa hapa wamepita kwa shehe, padri au mchungaji kabla ya kufika kwetu, na sisi hatuoni ubaya wake. Neno letu wasiwasi lenyewe lina asili ya Kiarabu, na Waislamu wanaujua waswasi wa udhu kwa karne nyingi. Abu Zayd al-Balkhi, tabibu na mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, aliuandika kama maradhi ya nafsi yenye namna yake ya kutibiwa. Fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ina kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka: umetawadha, ukatia shaka, udhu wako upo. Kiungo huoshwa mara tatu, si thelathini. Wakatoliki nao wana neno la kale la dhamiri yenye hofu kupita kiasi, na ushauri wa kale wa muungamishi kwa mtu huyo ni amtii padri mmoja na asirudie kuungama kosa lilelile. Mnaona? Wazee wa dini waliona jambo hilohilo: kurudia hakutakasi. Kwa hiyo shehe wako au padri wako ni mshirika. Mwombeni aweke kanuni mara moja, kwa maandishi ikiwezekana: udhu mmoja, nia moja, kitubio kimoja. Na mwombeni asiulizwe tena, kwa sababu yeye pia anaweza kugeuzwa bibi. Pale ambapo hatutanyamaza ni mtu anapofungiwa, kufungishwa mfungo wa siku nyingi bila maji au kupigwa ili pepo litoke. Huyo mleteni hospitali.

Dawa zipo na husaidia, peke yake au pamoja na mazoezi. Zinazotumika zaidi ni fluoksetini na setralini. Dozi ya OCD mara nyingi huwa juu kuliko ya sonona: fluoksetini huanza miligramu 20 na wengi huhitaji 40 hadi 60, setralini huanza 50 na inaweza kufika 200, daktari akipandisha kwa hatua. Wiki mbili za kwanza huweza kuleta kichefuchefu, kukosa usingizi, hata hofu kuongezeka kidogo, kabla nafuu haijaonekana. Nafuu yenyewe huchukua wiki 8 hadi 12. Hapo ndipo wengi wanapotuponyoka: wiki ya tatu wanasema dawa haifanyi kazi, wanaacha, kisha wanaandikisha kwamba walishindwa na dawa. Kwa vijana walio chini ya miaka 25, wiki za kwanza mfuatilieni kwa karibu kama anaanza kuongea habari za kufa. Akipona, aendelee angalau mwaka mmoja, na kuacha ni kwa kupunguza taratibu na daktari. Klomipramini ni ya zamani na ina nguvu, lakini ikizidishwa ni hatari kwa moyo, isikae chumbani kwa mtu aliyekata tamaa. Amitriptilini ambayo wengi hupewa ili walale haitibu ugonjwa huu; kama ndiyo pekee aliyopewa, mrudisheni akaulizie.

Kwa Mwanza, anzieni kituo cha afya kilicho karibu na muombe rufaa ya kliniki ya afya ya akili. Bugando ina idara ya magonjwa ya akili. Msimwambie mpokeaji "ana mawazo." Nendeni na karatasi ya siku saba: tendo gani, saa ngapi, limechukua dakika ngapi, nani alisaidia. Kuna dodoso la maswali 10 ambalo daktari huweza kutumia, kila swali lina alama 0 hadi 4, jumla 40. Kuanzia 16 ni ugonjwa wa wastani, kuanzia 24 ni mkali. Karatasi yenu itamsaidia kulijaza vizuri, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huona aibu na hupunguza. Na kama anasema bora afe, au ameacha kula kwa kuogopa chakula, msisubiri siku saba.

Kwenye meza ya pembeni kuna karatasi za ngazi na za kuhesabu maswali. Kila familia ichukue mbili za kila aina, moja ya mgonjwa, moja ya anayeishi naye. Wenye bibi nyumbani, chukueni tatu.